Semeni la zamani na jipya kwa pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu lawama inayorudiwa sana hapa Arusha na kwa majirani zetu wa Moshi: kwamba wananchi ni wabishi, hawasomi matangazo, na kwamba hata ukiwabandikia mlangoni mwa zahanati karatasi ya kuhamisha siku ya kliniki, wiki ya tatu utawakuta wamepanga foleni siku ileile ya zamani. Foleni hiyo ipo, sikatai. Ninachokataa ni sababu inayotajwa. Wengi wanaokosea hivyo walilisoma tangazo, wakalielewa, na mara ya kwanza wakalifuata. Kilichowaangusha ni namna tangazo lenyewe lilivyoandikwa.

Tangazo la kawaida la kuhamisha kliniki kutoka Jumanne husema: "Kliniki ya watoto itakuwa kila Alhamisi." Basi. Aliyeliandika anadhani kichwa cha mtu ni kama ubao wa darasani, kwamba unapitisha dasta juu ya Jumanne halafu unaandika Alhamisi. Kumbukumbu haina dasta. Jumanne inabaki palepale na nguvu ya miaka yake yote, na Alhamisi inawekwa pembeni yake. Tangu hapo mama akisikia neno "kliniki" siku zote mbili zinaamka, na itakayowahi ndiyo atakayoifuata.

Jambo hili limepimwa kwa zaidi ya karne moja. Wajerumani Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker walichapisha mwaka 1900 majaribio yanayoonyesha kuwa kujifunza jipya kunaweza kudhoofisha lililotangulia. Mwaka 1957 Mmarekani Benton Underwood aliligeuza swali: je, la zamani nalo halilidhoofishi jipya? Alipokusanya matokeo ya majaribio mengi ya kukariri orodha za maneno, aliona kuwa mtu asiyewahi kukariri orodha nyingine alisahau kama robo tu baada ya saa 24, ilhali aliyekwisha kukariri orodha nyingi alisahau kama robo tatu. Muda ulikuwa uleule; tofauti ilikuwa mzigo wa orodha za nyuma. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati aliyeshuhudia ratiba ikibadilishwa mara nne, kisha akamwelekeza mgonjwa siku isiyo yake, si mzembe kuliko aliyeajiriwa jana. Yeye ana ratiba tano kichwani, mwenzake ana moja.

Tena la zamani lina tabia ya kurudi. Siku za mwanzo jipya ndilo linaloongoza, kwa kuwa bado ni bichi. Wiki zikipita linafifia haraka kuliko lile lenye mizizi, na la zamani linachomoza tena juu bila mtu yeyote kulikumbushia. Adolf Jost aliiandika kanuni hiyo mwaka 1897: mambo mawili yakiwa na nguvu sawa leo, lenye umri mkubwa litafifia polepole zaidi. Ndiyo maana foleni ya makosa haionekani siku ya pili bali wiki ya tatu. Anayebandua tangazo baada ya siku saba "kwa kuwa wameshajua" analibandua wakati kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Larry Jacoby na Christopher Wahlheim ndio waliolifungua fundo hili vizuri zaidi, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013. Watu walisoma jozi za maneno. Mfano wangu mwenyewe: chai na sukari. Katika orodha ya pili jozi nyingine zilirudiwa vilevile, nyingine zilibadilishwa neno moja, chai na tangawizi, na nyingine zilikuwa mpya kabisa. Mwishoni waliulizwa neno lililokwenda na "chai" katika orodha ya pili, kisha wakaulizwa kama jozi hiyo iliwahi kubadilika na mwanzo ilikuwa nini. Waliokumbuka kwamba ilikuwa sukari ikabadilika walilitaja tangawizi vizuri zaidi hata kuliko walivyozitaja jozi mpya ambazo hazikuwa na mpinzani. Ambao hawakukumbuka badiliko walifanya vibaya kuliko kwenye hizo jozi mpya. Sukari ileile ilikuwa mkongojo kwa mmoja na kisiki kwa mwingine, na kilichoamua ni kama mtu aliibeba habari ya badiliko lenyewe: kwamba hii ilikuwa hivi, ikawa vile.

Sisitizo liwe kwenye kuibeba. Mtu anaweza kuliona badiliko siku ile, akasema "aa, kumbe wamehamisha," na baada ya mwezi akawa amepoteza habari ya kuhama huku siku zote mbili zimebaki kichwani, hazina utangulizi wala ufuatano. Huyo ndiye anayeumia zaidi. Wahlheim na Jeffrey Zacks walilifuata jambo hili mwaka 2019 kwa kutumia filamu za mtu akifanya shughuli za kawaida za kila siku, siku ya kwanza na siku ya pili, baadhi ya vitendo vikiwa vimebadilishwa kidogo. Wazee walikumbuka mabadiliko machache kuliko vijana, na pale walipoyakosa, kitendo cha siku ya kwanza kiliingia kwenye majibu ya siku ya pili. Anayewagombeza bibi na babu mlangoni mwa zahanati alizingatie hilo.

Nitoe mfano ambao kila mwalimu wa maarifa ya jamii anaujua. Tanzania ina mikoa mingapi? Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, jumla ilikuwa 26: Bara 21, Zanzibar 5. Mwaka 2012 ikaongezeka minne, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, tukawa na 30. Mwaka 2016 ukaja Songwe, tukafika 31. Angalia mtego uliojificha humo. Ile 26 ambayo zamani ilikuwa hesabu ya nchi nzima, leo ni hesabu ya Tanzania Bara peke yake. Mtoto anayekaririshwa "31, Bara 26, Zanzibar 5" bila kuambiwa njia iliyopitiwa, kisha akamsikia mjomba anasema nchi ina mikoa 26, hana pa kuishika tofauti. Namba zote mbili anazifahamu, zote zinasikika sahihi, na kwenye mtihani ataandika itakayotangulia.

Mwalimu anayetaka jibu lidumu aanze kwa kuuliza, kabla hajafundisha. Kila mtoto aandike namba anayoijua na pembeni aweke alama: nina hakika, au nakisia. Wengi huogopa hatua hii, wanaona ni kuimarisha kosa. Janet Metcalfe na Brady Butterfield walionyesha mwaka 2001 kuwa kosa ambalo mtu alikuwa na uhakika nalo ndilo linalosahihishika vizuri zaidi akipewa jibu sahihi hapohapo. Mshangao unaligonga muhuri. Neno la kuzingatia ni "hapohapo". Ukikusanya karatasi leo ukazirudisha wiki ijayo, mshangao umeshapoa na aliyekosea hakumbuki hata alichoandika. Baada ya jibu, mchoree mstari wa miaka ubaoni: 26, halafu 30, halafu 31, na juu ya kila mruko majina ya mikoa iliyozaliwa. Kipindi kinachofuata usiulize "ni mingapi?" peke yake. Uliza ilikuwa mingapi, ikawa mingapi, nini kiliongezeka. Anayejibu 31 tu amepata alama, lakini bado yuko hatarini. Anayejibu 26, nne, moja, huyo umemaliza naye.

(Kwa watu wa hapa kwetu kuna nyongeza. Mirerani, inakochimbwa tanzanaiti, iko Simanjiro, mkoa wa Manyara, ila nusu ya mji huu bado inaitaja kama Arusha kwa sababu hadi 2002 ilikuwa kweli. Na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara pale Mto wa Mbu, licha ya jina hilo, liko mkoa wa Arusha. Ukiwa mwalimu, taja vyote viwili kwa pamoja au usivitaje kabisa.)

Waongoza watalii wana mnyororo wao. Hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko zote nchini ni ipi? Aliyesoma zamani atasema Serengeti, kilomita za mraba 14,763. Mwaka 2008 Ruaha ilipanuliwa ikafika 20,226, ikaipita. Mwaka 2019 ikatangazwa Nyerere, iliyokatwa kutoka Pori la Akiba la Selous, yenye 30,893. Hapa majibu ya zamani ni mawili, na mwongozaji anayejifunza jina la tatu peke yake ana wapinzani wawili wanaomsubiri siku mgeni atakapomuuliza ghafla garini. Akijifunza kama ngazi, Serengeti ikapitwa na Ruaha, Ruaha ikapitwa na Nyerere, kila jina linamvuta kwenye linalofuata.

Mahali ambapo kosa la namna hii lina gharama kubwa ni kwenye dawa. Hadi mwaka 2001 klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza kwa malaria isiyo kali. Mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto, ALu (artemetha na lumefantrini). Mtu mzima alimeza SP vidonge vitatu kwa mara moja akawa amemaliza. ALu kwa mwenye kilo 35 na zaidi ni vidonge vinne kila dozi, dozi sita ndani ya siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza, nyingine ni asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata, na zote zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Mtu mwenye umri wa kuikumbuka SP akianza ALu, akapata nafuu siku ya pili, anaacha. Kwa kawaida tunailaumu nafuu, na kwa sehemu ni kweli. Mimi naona pia kwamba katika kichwa chake dawa ya malaria ni jambo la kumeza mara moja, na hakuna aliyewahi kumwambia waziwazi kuwa sehemu hiyo ndiyo iliyobadilika. Aliambiwa tu "meza hivi".

Tena SP haijatoweka. Wajawazito bado wanapewa kliniki kama kinga, vidonge vitatu, mbele ya muuguzi. Kwa hiyo katika nyumba moja jina la zamani na dozi ya zamani viko hai, kwa kazi nyingine. Ukimwambia mume kwamba "SP ni ya zamani" na mkewe ameimeza juzi, umempa sababu ya kutokuamini.

Maneno ya kwenye dirisha la dawa yanayofanya kazi ni ya aina hii: "Ile SP ulikuwa unameza vitatu umemaliza, na siku hizi ni kinga ya wajawazito. Hii ya kutibu siyo mara moja. Nne sasa hivi, nne leo jioni, halafu nne asubuhi na nne jioni, kesho na keshokutwa." Kisha mgonjwa ayarudishe maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe, akianza na "zamani". Na tahadhari ya Kiswahili chetu: ukisema "baada ya saa nane" wapo watakaosikia saa nane mchana. Taja saa yenyewe: ukimeza ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni.

Hata hivyo kukumbusha la zamani si dawa isiyo na madhara. Almut Hupbach na wenzake walifanya jaribio mwaka 2007 ambapo watu walijifunza vitu 20 vilivyowekwa kwenye kikapu cha bluu. Siku mbili baadaye baadhi walikumbushwa kikapu kile kabla ya kujifunza vitu vingine 20, wengine hawakukumbushwa. Walipoulizwa baadaye vitu vya mara ya kwanza, waliokumbushwa walichanganya humo vitu vya mara ya pili, na wasiokumbushwa karibu hawakuchanganya kabisa. Kumbukumbu ikiamshwa hufunguka, na kilicho jirani kinaweza kuingia. Basi ukiamsha la zamani liamshe likiwa na lebo: lini, na kwamba limeisha. La zamani lililotajwa bila lebo ni uji tu.

Nikirudi kwenye karatasi ya mlangoni, tangazo la badiliko linahitaji mambo manne: lililokuwepo, lililopo, tarehe ya kuanza, na la zamani sasa linafanya kazi gani au kwa nini limeondoka. Ile kliniki ingeandikwa hivi: "Kliniki ya watoto iliyokuwa JUMANNE imehamia ALHAMISI, kuanzia tarehe 6 mwezi huu. Jumanne sasa ni ya wajawazito peke yao, kwa sababu foleni mbili zilikuwa zinagongana." Sentensi ya mwisho ndiyo inayokatwa kwanza karatasi ikiwa ndogo, na ndiyo isiyotakiwa kukatwa. Hollyn Johnson na Colleen Seifert walitumia mwaka 1994 habari ya moto wa ghala: wasomaji waliambiwa kulikuwa na makopo ya rangi ya mafuta na mitungi ya gesi kabatini, baadaye wakaambiwa kabati lilikuwa tupu. Walikubali masahihisho, na bado walipoulizwa moshi mwingi ulitoka wapi, walitaja rangi na gesi. Walipopewa sababu nyingine ya moto, kwamba kulikuwa na dalili za kuchomwa makusudi, makopo yalipungua sana kwenye majibu yao. Ukimwondolea mtu jambo ukamwachia shimo, atalirudisha jambo lilelile lizibe shimo. Jumanne iliyopewa kazi nyingine haina haja ya kurudi kuwa siku ya watoto.

Tangazo likae ukutani mwezi mzima, na lisomwe kwa sauti siku ya kwanza, baada ya wiki, na tena wiki ya tatu, siku ileile ya zamani, kwa watu waliokuja kimakosa. Hao msiwafukuze tu. Wamesimama mahali pa zamani kwa wakati wa zamani, na maelezo ya dakika moja wakati huo yatawaingia kuliko karatasi kumi.

Kadi za kliniki na madaftari ya nyumbani yafuate mtindo huohuo: la zamani likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, jipya liandikwe juu yake na tarehe. Kufuta kwa rabba au kupaka wino mweupe ni kuuvunja ule mkongojo wa kumbukumbu. Na tuache kutegemea neno "mpya". Stendi mpya, ofisi mpya, namba mpya ya fundi kwenye simu. Baada ya miaka mitatu hakuna ajuaye mpya ni ipi. Andika mwaka.

Sisemi kila kibao kiwe na historia. Kwenye makutano ya barabara weka mshale wa njia ya sasa peke yake, kwani dereva wa daladala anayekata kona hana muda wa kusoma ilikuwaje, na akisoma majina mawili atafuata analolijua. Historia ya njia aipate stendi, amekaa. Namba ya siri ya pesa za simu nayo ina kanuni yake: usibadilishe kwa kupindua tarakimu mbili, 2468 ikawa 2486, kwa kuwa zote mbili zitaonekana sahihi milele. Chagua isiyofanana kabisa, kisha uitumie kuangalia salio mara tatu nne siku hiyohiyo na kesho yake.

Mwisho ni ombi kwa gazeti lako, Mhariri, na kwa magazeti mengine pia. Masahihisho yanayochapwa kwenye kona ya ukurasa mara nyingi hutoa jina au takwimu sahihi, yanaomba radhi kwa usumbufu, na hayasemi kilichokosewa. Hofu yenu naielewa: kurudia kosa ni kulitangaza mara ya pili. Lakini Wahlheim na wenzake walipolipima hilo mwaka 2020, waliokumbushwa kauli ya uongo kabla ya kupewa sahihisho walilikumbuka sahihisho vizuri zaidi na waliliamini zaidi, angalau kwa muda mfupi waliopimwa. Kinachotakiwa ni onyo litangulie kosa, kosa litajwe mara moja tu, na lililo sahihi litajwe mara mbili. Nafasi haizidi mistari mitano. Mfano, kwa makala ya kubuni: "Sahihisho. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Katika toleo la Jumatatu tulikosea kwa kuandika 2012. Mwandishi aliuchanganya na mikoa minne iliyoanzishwa mwaka huo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Manyara ni 2002."

Mwalimu wa saikolojia ya elimu,
Kijenge, Arusha